Gari la turbo linazunguka lakini haliwaki: tafuta kinachokosekana kabla ya kununua kipuri

"Nina gari la petroli la mwaka 1993, injini ya lita 2.0 yenye turbo, gia za mkono. Kwa wiki kadhaa limekuwa likizima ghafla barabarani likishapata moto. Likipoa kama nusu saa linawaka na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sasa limekataa kabisa, hata likiwa baridi. Betri ni mpya na stata inazungusha kwa nguvu. Fundi wa kwanza aliposikia kwamba asubuhi hutoa moshi wa buluu kidogo, alisema turbo imekufa na ndiyo maana haliwaki. Wa pili alichomeka mashine ya kupimia, haikusoma chochote, akasema kompyuta ya gari imeungua. Nimebadilisha plagi bila mafanikio. Kabla sijanunua turbo au kompyuta, nianzie wapi? Nina multimita na spana za kawaida."

Ndugu yangu, umefanya vema kusimama hapo kabla ya kutoa fedha. Umepewa hukumu mbili nzito, na katika zote mbili sioni kipimo kilichoonyesha kwamba kifaa kinachotajwa ndicho kinachoizuia injini kuwaka. Ushahidi mzito zaidi umeuandika wewe mwenyewe: gari lilikuwa likizima likipata moto na kuwaka likipoa, kwa wiki kadhaa, halafu likakata kabisa. Hivyo ndivyo kifaa cha umeme kinavyokufa polepole. Waya mwembamba ndani ya sensa, au lehemu iliyopasuka ndani ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), hutanuka kwa joto na kuachana, kisha hurudi kugusana ukipoa. Siku moja haurudi tena.

Kwa hiyo washukiwa wangu ni wachache: sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka), moduli inayoendesha koili (koili ndiyo inayotengeneza umeme wa cheche), rilei ya pampu ya petroli na pampu yenyewe. Kama ningelazimika kutaja mmoja bila kuligusa gari, ningetaja sensa ya krenki. Lakini hulazimiki kununua kwa kubahatisha. Vipimo unavyohitaji viko ndani ya uwezo wa mtu mwenye multimita na msaidizi wa kupiga stata.

Tuanze na turbo, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa. Turbo ni magurudumu mawili ya mapanga kwenye shafti moja. Moshi wa eksozi huzungusha moja, na la pili husukuma hewa kuelekea kwenye silinda. Gari likiwa linavuta mzigo, shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Lakini unapopiga stata, injini inazunguka takriban mara 200 tu kwa dakika na hakuna moshi wa kuzungusha chochote. Wakati huo injini inavuta hewa yenyewe, na turbo ni njia tu ya hewa kupita. Hata shafti ikiwa imekwama kabisa, hewa inayohitajika kuwasha injini hupenya katikati ya mapanga. Gari lenye turbo iliyokwama kwa kawaida huwaka, husimama sailensa (hunguruma bila kukanyaga mafuta), kisha hukosa nguvu barabarani na huenda likafuka moshi. Halikatai kuwaka.

Na ule moshi wa buluu wa asubuhi? Ni oili inayoungua, hilo ni kweli. Ila moshi unaotoka kidogo baada ya gari kulala na kuisha ndani ya muda mfupi mara nyingi ni dalili ya sili za vali zilizokauka: oili huchuruzika usiku kucha kupitia kwenye shina la vali na kungoja kuchomwa asubuhi. Turbo inayovuja huelekea kufuka baada ya injini kukaa sailensa kwa muda, pale unapokanyaga mafuta. Tutalirudia hilo gari likishawaka. Kwa sasa moshi huo hauhusiani na kilichokusimamisha.

Kuna hali mbili ambazo upande wa turbo unaweza kweli kuzuia injini kuwaka, na ni haki nikwambie. Ya kwanza ni bomba la mpira lililochomoka. Kama gari lako lina kipima hewa karibu na filta, kompyuta hupima hewa pale na kutoa petroli kwa kiasi hicho. Mpira ukichomoka au kupasuka baada ya kipimo hicho, injini huvuta hewa ambayo haikuhesabiwa, huwaka sekunde mbili na kuzima, au hukataa. Fuata mabomba yote kwa mkono, kutoka kwenye filta hadi kwenye turbo, hadi kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), hadi kwenye throto (mlango wa hewa wa injini). Pindua mipira uone chini yake, kwa sababu hupasuka mahali jicho halifiki. Hiyo ni kazi ya dakika chache na haigharimu kitu. Hali ya pili ni turbo iliyovuja oili nyingi kiasi cha kujaza intakula na kulowesha plagi. Ungeona oili imetuama kwenye mabomba, na plagi ulizotoa zingekuwa nyeusi na zenye utelezi.

Mahali turbo inapochangia tatizo kama lako ni kwenye joto. Moshi wa injini ya petroli yenye turbo unaweza kufikia nyuzi 900 za Selsiasi chini ya mzigo, na nyumba ya turbo huendelea kupika kila kilicho jirani hata baada ya kuzima gari. Baada ya miaka thelathini, ganda la waya hugeuka gumu kama makaroni yasiyopikwa na kukatika ukiligusa. Kwa hiyo kabla ya kushuku kifaa chochote, tazama waya zinazopita karibu na eksozi na turbo, hasa ule unaoshuka kwenda kwenye sensa ya krenki.

Sasa kompyuta. Mashine kutosoma chochote kwenye gari la 1993 hakuthibitishi kwamba kompyuta imeungua. Mfumo wa pamoja wa kusoma makosa, ule unaotumiwa na mashine nyingi za leo, ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya modeli ya 1996, na katika Umoja wa Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Gari lako lilitengenezwa kabla ya hapo. Magari mengi ya kipindi chake husomwa kwa kuunganisha pini mbili kwenye soketi ya uchunguzi kisha kuhesabu jinsi taa ya injini inavyomemeta, au kwa mashine ya mtengenezaji mwenyewe. Tafuta kitabu cha ufundi cha modeli yako hasa, kwa sababu kuunganisha pini zisizo zake kunaweza kuunguza kitu kilichokuwa kizima. Kompyuta za gari huharibika, sikatai, na kapasita za zamani huvuja ndani yake. Lakini ni kitu cha kushuku mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba inapata umeme, ina ethi nzuri (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari) na inapelekewa taarifa na sensa zake.

Hebu kaa chini ukumbuke jambo moja: siku gari lilipozima barabarani ukiwa kwenye gia, mshale wa mizunguko kwenye dashibodi ulifanya nini? Gari la gia za mkono likizima huku linatembea, magurudumu yanaendelea kuzungusha injini. Katika magari mengi ya miaka hiyo mshale huo hutegemea mfumo wa cheche. Kama ulianguka hadi sifuri ghafla wakati gari bado linasonga, taarifa ya mizunguko au cheche ndiyo iliyokatika, na kidole kinaelekea kwenye sensa ya krenki, moduli au umeme wa swichi. Kama mshale ulishuka taratibu pamoja na mwendo, huku gari likikohoa na kupoteza nguvu kabla ya kuzima, petroli ndiyo iliyopungua. Kumbukumbu hiyo ina thamani sana, na inasikitisha kwamba hakuna aliyekuuliza.

Jaribu pia sasa hivi: msaidizi apige stata, wewe tazama mshale huo. Ukicheza hata kidogo, pengine kufika 200 au 300, taarifa ya mizunguko inafika. Usipotikisika hata chembe, shaka juu ya sensa inaongezeka. Nasema inaongezeka tu, kwa sababu kuna magari ambayo mshale wake ni mvivu na hauonyeshi kitu wakati wa stata hata yakiwa mazima.

Kabla ya kushika vipimo, usalama. Fanya kazi injini ikiwa baridi, gari likiwa kwenye gia huru na breki ya mkono imevutwa, mahali penye hewa, na kizima moto kikiwa karibu. Cheche ya plagi ni maelfu mengi ya volti, kwa hiyo usishike waya wa plagi kwa mkono mtu anapopiga stata. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Iache ipumzike nusu dakika au zaidi. Wala usinyunyizie ile dawa ya kopo ya kuwashia injini. Kwenye gari la turbo njia ya hewa ni ndefu, mvuke hujikusanya ndani ya mabomba na intakula, na cheche ikirudi nyuma mipira huchomoka kwa mlipuko na kipima hewa huharibika. Kulisukuma au kulivuta gari ili liwake nalo nisingekushauri. Petroli isiyoungua huingia kwenye katalisti (kisafisha moshi kwenye eksozi), na injini ikija kuwaka huungulia humo.

Pima betri kwanza ingawa ni mpya. Ikiwa imetulia inapaswa kusoma karibu volti 12.6. Msaidizi anapopiga stata isishuke chini ya takriban 9.6. Stata inaweza kuonekana inazungusha vizuri huku kompyuta ikipata umeme hafifu, kwa hiyo pima pia kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini wakati stata inazunguka. Ukiona zaidi ya nusu volti hapo, waya wa ethi umechoka au umeota kutu, na unaweza kukupa kila aina ya kiini macho. Safisha maungio yake kabla ya kuendelea.

Sasa swali lenyewe. Injini ya petroli inahitaji cheche, petroli na mgandamizo wa hewa, kila kimoja kwa wakati wake. Stata ikizunguka na injini isiwake, kuna kinachokosekana. Ukijua ni kipi, orodha ya vipuri vya kushuku hupungua kutoka thelathini hadi vitatu au vinne.

Petroli ni rahisi kusikiliza. Kaa karibu na tangi au kiti cha nyuma, msaidizi awashe swichi bila kupiga stata. Kwenye magari mengi pampu hulia mmm kwa sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Kwenye baadhi ya magari ya kipindi hicho pampu hungoja hadi stata ipigwe, kwa hiyo sikiliza tena wakati huo. Kisha piga stata sekunde kumi, toa plagi moja uinuse. Ikiwa imelowa petroli, petroli inafika. Ikiwa kavu kabisa na bomba la eksozi halinuki petroli, haifiki.

Cheche inahitaji uangalifu zaidi. Ng'oa kwanza fyuzi ya pampu ili petroli isiendelee kumwagika kwenye silinda. Tumia kipima cheche kinachouzwa kwa kazi hiyo, kilichobanwa vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na matundu ya plagi. Kama gari lako lina koili zilizokaa moja kwa moja juu ya plagi, usizipigishe zikiwa hewani bila kuunganishwa na kitu, kwa kuwa hujiunguza. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika ikipiga. Ya njano na nyembamba ni dhaifu, na kwa injini ya turbo cheche dhaifu haitoshi.

Baada ya hapo utaangukia kwenye moja ya hali nne. Ninayoitarajia kwako ni hii: hakuna cheche na hakuna petroli, vyote kwa pamoja. Watu wengi wakiona hivyo husema gari lina matatizo mawili. Mara chache sana huwa hivyo. Vitu viwili vikikosekana kwa wakati mmoja, tafuta kitu kimoja kinachovilisha vyote, na kitu hicho mara nyingi ni taarifa ya krenki. Sensa hii hutazama meno ya gurudumu linalozunguka pamoja na krenkishafti, na kwa kuyahesabu kompyuta hujua injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Isipopata taarifa hiyo, kompyuta huamini injini imesimama. Haitoi cheche, haifungui nozeli (vinyunyizio vya petroli), na huzima pampu kwa makusudi, ili petroli isimwagike kama gari limepata ajali na bomba limekatika. Kompyuta inafanya kazi yake sawasawa, ila imenyimwa habari.

Katika injini kadhaa za Kijapani za wakati ule taarifa hiyo hutoka ndani ya distribyuta (kigawa cheche kwa plagi) au kwenye kemshafti (shafti inayofungua vali) badala ya krenki. Jua yako iko wapi kabla ya kulala chini ya gari. Ukiipata, ichomoe soketi utazame pini: kutu, oili, au pini iliyorudi nyuma. Kama ni sensa ya aina ya sumaku na koili, pima ukinzani wake na ulinganishe na kitabu. Ni mamia ya ohm au zaidi kidogo ya elfu moja kwa nyingi, lakini namba ya gari lako ndiyo yenye uzito. Ukinzani usio na mwisho maana yake waya umekatika ndani, na kesi imekwisha. Kisha weka multimita kwenye volti za AC, piga stata, uone kama inazalisha umeme. Sifuri tupu, huku injini inazunguka na sensa imekaa mahali pake, ni jibu. Kama ni sensa ya aina ya Hall, yenyewe inahitaji kulishwa umeme, na kuipima ohm hakukupi jibu lolote na kunaweza kuidhuru. Hapo pima kama volti za kuilisha zinafika na kama waya wa taarifa unapanda na kushuka injini inapozungushwa polepole kwa spana.

Unapopima, tikisa waya. Pindapinda sehemu iliyo karibu na eksozi huku ukitazama namba. Nimeona sensa nzima nyingi zikitupwa wakati tatizo lilikuwa sentimita kumi za waya uliokauka, na kipuri kipya kikafanya kazi kwa sababu tu kilikuja na waya wake.

Sensa ikiwa nzima, rudi kwenye umeme unaoilisha kompyuta: rilei kuu, fyuzi zake, ethi zake. Halafu jiulize kama kuna mtu aliwahi kufunga king'ora au mfumo wa kuzuia wizi kwenye gari hili. Mifumo hiyo hukata cheche au pampu, na imefungwa mara nyingi kwa waya zilizosokotwa na kuzungushiwa utepe. Miaka ikipita huachia. Ukikuta kiboksi kisichojulikana chini ya dashibodi, kifuatilie kwa makini kabla ya kushuku kitu kikubwa.

Ikiwa cheche ipo na petroli haipo, anza na fyuzi na rilei ya pampu. Rilei za umri huu hupasuka lehemu ndani, nazo pia hufa kwa joto na kufufuka kwa baridi, ndiyo maana nimeziweka kwenye orodha. Ibadilishane na nyingine yenye namba ileile kwenye gari hilohilo. Angalia pia kama gari lako lina swichi ya mshtuko inayokata petroli wakati wa ajali. Shimo kubwa barabarani linatosha kuifyatua, na ina kitufe cha kuirudisha. Kisha pima volti kwenye soketi ya pampu wakati wa stata. Umeme ukifika na ethi ikiwa nzuri huku pampu ikiwa kimya, pampu imekufa. Kugonga tangi kwa nyundo ya mpira kunaweza kuiamsha mara moja, na hilo litakuthibitishia tatizo, lakini usiendelee kulitegemea. Pampu ikilia lakini petroli isifike, presha inahitaji kupimwa. Mifumo mingi ya namna hii hufanya kazi karibu na bar 3, na kazi hiyo mwachie mwenye geji, kwa sababu bomba likifunguliwa petroli hurushwa.

Petroli ikiwapo na cheche ikikosekana, shuku koili, moduli yake, na kama ipo, distribyuta na rota yake. Moduli hufa kwa joto kama sensa. Hufungwa kwa grisi maalumu ya kupitisha joto, na aliyeirudisha bila grisi hiyo ameifupishia maisha.

Hali ya nne ni vyote viwili vipo na bado haliwaki. Hapa plagi zilizolowa ni jambo la kwanza. Kwa jinsi ulivyopiga stata mara nyingi, injini inaweza kuwa imejaa petroli. Kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho na upige stata sekunde kumi. Kompyuta nyingi hufunga nozeli ukifanya hivyo, na hewa hukausha silinda. Uliponunua plagi mpya, ulipima nafasi yake? Injini ya turbo hutaka nafasi ndogo, mara nyingi milimita 0.7 hadi 0.8, na plagi zilizotoka dukani na 1.1 zinaweza kuinyima cheche. Kisha angalia sensa ya joto la maji, ile inayoiambia kompyuta, siyo ya geji. Ikidanganya kwamba nje kuna barafu, petroli humwagwa bila kiasi. Sensa nyingi za Bosch husoma karibu ohm 2,500 kwenye nyuzi 20 na karibu 300 kwenye nyuzi 80.

Mgandamizo na mkanda wa taimingi (unaounganisha krenki na kemshafti) nimeviacha hapa kwa sababu historia yako haielekei huko, ila sikiliza. Injini ikizunguka kwa sauti nyororo na ya haraka kuliko zamani, bila ule mdundo wa kupanda na kushuka, acha kupiga stata mara moja. Huenda mkanda umekatika, na kwenye injini nyingi pistoni na vali hugongana. Injini za turbo za wakati huo pia ziliundwa na uwiano mdogo wa mgandamizo, mara nyingi kati ya 8 na 9 kwa 1, ili kuacha nafasi ya hewa inayosukumwa na turbo. Ringi zikichakaa, injini ya namna hiyo huanza kusumbua kuwaka mapema kuliko isiyo na turbo.

Mpelekee fundi aliye na vifaa ukikuta mojawapo ya haya: mkanda umekatika au kuruka meno, petroli inavuja mahali popote, stata inakwama ghafla kana kwamba injini imejaa maji, au sensa, umeme na ethi vyote ni vizima na bado kompyuta haitoi amri. Hapo oskiloskopu (mashine inayochora mawimbi ya umeme) itaona kile multimita isichoona. Mwombe fundi akuonyeshe kipimo kabla ya kubadilisha kitu. Aliyepima kweli hataona vibaya kuulizwa. Na mweleze historia yote ya kuzima kwa joto, usianze na neno turbo.

Gari likiwaka, usilikanyage. Kwanza vuta kijiti cha oili ukinuse. Stata nyingi zenye plagi zilizolowa hushusha petroli kwenye oili na kuifanya nyepesi. Shafti ya turbo huelea juu ya utando mwembamba wa oili hiyo, na oili yenye petroli inaweza kuua turbo iliyokuwa nzima. Ikinuka petroli, badilisha oili na filta kabla ya kulitembeza, kisha iache injini sailensa dakika chache oili ifike juu.

Ukifika hapo ndipo turbo ichunguzwe. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fungua mpira wa kuingilia hewa na uzungushe gurudumu kwa kidole. Linapaswa kuzunguka kwa wepesi bila kukwaruza ukuta. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida, lakini likisogea mbele na nyuma kwa namna unayoihisi mkononi, au mapanga yakiwa na alama za kugusa nyumba yake, turbo inahitaji kutengenezwa. Ukikuta iko sawa na moshi wa asubuhi unaendelea, elekeza macho kwenye sili za vali, na kagua pia mpira wa kupumulia wa injini, kwa sababu ukiziba, presha hujaa chini na kuisukuma oili itoke hata kwenye turbo isiyo na kasoro.